Bi Ellen wa Bantry na mwani wake

Mama alipigwa na kiharusi mwaka juzi, katikati ya Ramadhani, na tangu siku ile mie nimerudi nyumbani Jambiani kukaa naye. Usiku naamka mara mbili kumgeuza, saa nne na saa tisa, na ile ya saa tisa ndiyo ngumu kwa sababu usingizi haurudi tena, basi unakaa na simu mkononi mpaka adhana ya alfajiri. Na usiku mmoja wa namna hiyo, natembeza tu kidole kwenye simu bila hata kusoma, ikanipita picha ya mwani nikarudi nyuma haraka kuitafuta.

Haikuwa foto. Ilikuwa mchoro wa rangi za maji, mwani mwembamba kama nywele, wekundu wake umeiva kidogo kuelekea zambarau, kila uzi umegawanyika ukazaa nyuzi nyengine na kila uzi mdogo umechorwa mpaka ncha. Mie nimekua nauona mwani huo, au ndugu yake, maana mama yangu alilima mwani zaidi ya miaka ishirini, tangu enzi zile mbegu kutoka Ufilipino zilipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989 na wanawake wa huku wakaanza kushika pesa yao wenyewe. Nikajua papo hapo kwamba aliyechora kitu hiki hakukitazama kwa jicho la kupita. Chini pameandikwa Ellen Hutchins, 1785–1815. Nikatoa hesabu kichwani. Miaka ishirini na tisa.

Sikulala tena usiku ule, na kwa miezi mingi baadaye kila nilipopata bando nilikuwa namsoma yeye. Nataka niwahadithie habari zake kwa sababu sijawahi kuzikuta kwa Kiswahili, na kwa sababu naamini kuna watu wako ndani ya nyumba saa hizi wamemshika mgonjwa mkono na wanadhani maisha yao yamesimama.

Ellen alizaliwa tarehe 17 Machi 1785 Ballylickey, kijiji kilichoko kwenye kona ya ndani ya ghuba ya Bantry, kusini magharibi mwa Ayalandi, jimbo la Cork. Baba yake, Thomas Hutchins, alikuwa hakimu wa mtaa mwenye ardhi yake, na alifariki Ellen akiwa na miaka miwili. Mama yake, Elinor, alizaa watoto ishirini na mmoja na waliovuka utotoni wakawa sita tu. Soma tena namba hiyo pole pole. Ellen alipelekwa skuli karibu na Dublin na huko akaugua, akadhoofu vibaya, mpaka akachukuliwa na rafiki wa familia, daktari Whitley Stokes wa Trinity College, akakaa nyumbani kwake na mkewe wakamlea mpaka akapata nguvu. Stokes alikuwa daktari lakini pia mpenzi mkubwa wa mimea, na ndiye aliyemshauri: tafuta shughuli ya kukutoa nje uvute hewa, na nyengine ya kufanya ukiwa umekaa ndani siku usizoweza kutoka. Somo la mimea lina vyote viwili, unakwenda kutafuta halafu unarudi kukausha na kuchora na kusoma. Akampa na vitabu.

Kwa hiyo huyu mtu ambaye leo wanasayansi wanamtaja kuwa mwanabotania wa kwanza mwanamke wa Ayalandi, alianza kama mgonjwa aliyepewa ushauri wa daktari.

Alipopata nafuu akaitwa nyumbani. Mama yake alikuwa mzee na hali haikuwa nzuri, na kaka yake Tom alikuwa mlemavu anayehitaji kuhudumiwa, na binti ndiye anayeitwa, hata katika nyumba yenye kaka wengine wazima. Hapa sina haja ya kueleza sana, mabinti wengi mnaosoma mnaijua simu ya namna hiyo inavyolia. Akarudi Ballylickey akiwa na miaka kama ishirini, na kazi yote aliyoifanya, ile iliyomuweka kwenye vitabu, aliifanya kati ya 1805 na 1813, kati ya chakula cha mama na mahitaji ya Tom na homa zake mwenyewe.

Sasa, kwa nini mwani na si maua? Wakati ule Ulaya maua yalikuwa yameshaandikwa sana, kila mwenye bustani anayajua. Yaliyokuwa hayajulikani ni mimea isiyochanua: mwani, kuvumwani yale majani laini kama zulia yanayoota juu ya mawe, likeni zinazojipaka kwenye magome ya miti kama rangi, na mimea midogo midogo inayojibandika kwenye miamba inayochuruzika maji. Linnaeus, yule Msweden aliyepanga majina ya viumbe, aliliita kundi hili kwa neno lenye maana ya ndoa ya siri, kwa sababu hakuna aliyeona wanazaanaje. Kuzijua lazima uwe na hadubini na macho na subira, na wengi walikuwa wanazikwepa. Mtu aliyemuelekeza Ellen kwenye mwani ni James Mackay, mtunza bustani ya mimea ya Trinity, ambaye alikutana naye kwa Stokes. Akamwambia aangalie pwani kwao.

Na pwani kwao ni utajiri mtupu. Ghuba ya Bantry inaingia ndani ya nchi kavu kwa masafa marefu, imezungukwa na milima, mkondo wa maji ya uvuguvugu unaovuka Atlantiki unaipitia pwani ile kwa hiyo baridi kali ya kugandisha ni nadra, na mvua hainyeshi ikaisha. Kuna misitu ya mialoni kule Glengarriff ambako kila tawi limevaa kuvumwani na kila jiwe limelowa. Kisiwa cha Whiddy kiko mbele pale majini. Na bahari inakupwa na kujaa mara mbili kwa siku kama kwetu tu, na bamvua ipo kama kwetu, siku zile maji yanatoka mbali mpaka unaona miamba ambayo kwa kawaida ni ya samaki. Mie nikisoma kwamba alikuwa anasubiri maji yatoke ndipo akakusanye naelewa kabisa ratiba yake, kwa sababu mama yangu hakuwahi kuwa na saa ya ukutani, saa yake ilikuwa mwezi.

Nataka kuwaeleza namna mwani unavyohifadhiwa maana hili nimelifanya mwenyewe kwa mikono yangu. Unachukua sinia unatia maji ya bahari, unauweka mwani humo uelee, na utashangaa, kile kitu kilichokuwa kimelala kama uchafu mkononi kinafunguka chote, kila kijitawi kinakwenda mahali pake. Halafu unaingiza karatasi nzito chini yake ndani ya maji, unaipandisha taratibu kabisa huku unapanga vijitawi kwa sindano, na ukiitoa, mwani umelala juu ya karatasi kama ulivyokuwa unaelea. Unafunika kwa kitambaa chepesi, unaweka karatasi za kufyonza maji, unagandamiza kwa kitu kizito na kila siku unabadilisha zile karatasi mpaka ukauke. Gundi hutii. Mwani wenyewe una utelezi wake na utelezi ule ndio unaoushika karatasini. Mara ya kwanza nilitumia karatasi ya daftari ikachanika, mara ya pili nikatumia karatasi ya kuchorea nikafanikiwa, na nilipoiinua ile karatasi kavu nikiwa nimekaa kwenye baraza, nilijisikia furaha ambayo sijaisikia tangu mama augue. Nikiwa skuli niliambiwa sayansi haiwezekani kwetu kwa sababu hatuna maabara. Mie nilikaa mita mia mbili kutoka baharini miaka yote ile na hakuna hata siku moja tuliyopelekwa na sinia.

Bi Ellen (naomba nimwite hivyo, kwetu mtu mwenye elimu na heshima yake haitwi jina tupu) alikausha mamia ya vielelezo kwa njia ya namna hii, na alivyoona rangi zinafifia na maumbo mengine hayakai sawa yakikauka, akaanza kuchora. Kew, ile bustani kubwa ya mimea ya London, inahifadhi michoro yake zaidi ya 200. Alikuwa anachora na vile visivyoonekana kwa macho, vilivyokuzwa kwa hadubini, pembeni ya mmea mzima, ili mtu aliyeko mbali aone kwa ukweli alichokiona yeye.

Na huyo mtu aliyeko mbali alikuwepo. Anaitwa Dawson Turner, mwenye benki wa mji wa Yarmouth, pwani ya mashariki ya Uingereza, ambaye roho yake yote ilikuwa kwenye mwani. Alikuwa anaandaa kitabu kikubwa cha mwani wa dunia chenye picha za rangi. Mackay alimtumia vielelezo vya Ellen, Turner akashtuka, akaandika barua, na kuanzia 1807 mpaka 1814 wakaandikiana. Miaka saba. Hawakuwahi kuonana hata siku moja. Kifurushi kinatoka Bantry kinakwenda kwa gari la farasi, kinavuka bahari, kinavuka Uingereza nzima mpaka upande wa pili, na jibu linarudi njia ile ile. Yeye anampelekea mwani ambao Turner hajawahi kuuona, Turner anampelekea vitabu na vielelezo vya kwao na habari za wataalamu wengine. Barua zimehifadhiwa na zilichapishwa pamoja mwaka 1999, na ukizisoma unaona jinsi maneno yao yalivyoanza na adabu ya mbali ya watu wasiojuana, halafu taratibu yakageuka kuwa ya marafiki wa kweli wanaoulizana hali za nyumbani.

Mwanzoni hakutaka jina lake lichapishwe. Zama zile jina la binti wa heshima kutoka kwenye kitabu lilionekana ni kujitoa sitara, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa aibu sana. Turner na wenzake wakambembeleza mpaka akakubali, na nashukuru alikubali, kwa sababu fikiria ni wangapi ambao hawakubembelezwa. Mwaka 1809 mtaalamu mwengine wa mwani, Lewis Dillwyn, alifika mpaka Bantry kumtembelea akiwa na rafiki yake, wakatoka naye kwenda kuangalia mimea. Turner naye akamuomba kazi nzito zaidi: aorodheshe kila mmea unaoota sehemu za kwao. Ellen akaorodhesha mimea karibu 1,100, yenye maua na isiyo na maua, mpaka wa milimani. Mtu huyu, kumbukeni, hakuwa na uhuru wa kuondoka nyumbani akakaa wiki. Alikijua kipande kimoja cha dunia, kile alichoweza kukifikia na kurudi kabla mama hajamuita, na alikijua kuliko msomi yeyote wa wakati wake.

Hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Tumezoea habari za watafiti wanaopanda meli wakazunguka dunia na kurudi na masanduku. Bi Ellen hata kupelekwa Yarmouth kumuona rafiki yake hakujaaliwa. Alichokuwa nacho ni ghuba ile, na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda aliitazama mpaka ikampa vitu ambavyo sayansi haikuwa navyo. Kuna mmea mdogo wa kijani cha giza unaoota kwenye miamba yenye kivuli karibu na maporomoko ya maji, vijani vyake vidogo mno, unaitwa Jubula hutchinsiae. William Hooker aliuandika kwa jina la Ellen, na Hooker huyu alizaliwa mwaka ule ule wa 1785, akamuoa binti wa Turner, akaja kuwa mkurugenzi wa Kew na kufa mzee mwenye cheo. Yeye alikuwa na miguu ya kwenda na pesa za kwenda. Simlaumu, ila nikiwaweka wawili hawa pamoja moyo unaniuma. Kuna kuvumwani inayoitwa Ulota hutchinsiae, kuna mwani wa kijani Cladophora hutchinsiae, kuna na likeni. Na kuna kiua cheupe cha milimani ambacho mwaka 1812 kilipewa jina la Hutchinsia, ingawa upenzi wake mkubwa haukuwa maua.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika. Kaka zake walikuwa wanagombania mali ya baba na ugomvi ule ukaingia mpaka ndani ya nyumba. Mwaka 1813 yeye na mama yake wakahama kwenda Bandon kutafuta matibabu, mbali na ghuba, na yeye mwenyewe tayari anaumwa vibaya. Mama akafariki 1814. Miaka yote ile ya kulea ikaishia kwenye chumba cha kukodi katika mji usio wa kwao, na mleaji naye hana tena nguvu ya kusimama. Akachukuliwa na kaka yake Arthur na mkewe Matilda kwenye nyumba yao ya Ardnagashel, jirani kabisa na Ballylickey, kwa hiyo angalau alirudi kwenye ghuba yake, lakini kwenda pwani hakuweza tena.

Mwishoni mwishoni alimuandikia Turner akimuomba ampelekee kuvumwani, chochote kile, akitazame tu.

Sentensi hiyo niliisoma saa tisa ya usiku nikaiweka simu chini. Mama alikuwa amelala, pumzi zake zinasikika. Nilikumbuka kwamba wiki ya kwanza alipotoka hospitali, ulimi hauwezi kutamka vizuri, neno alilokuwa akilirudia ambalo sote hatukulielewa kwa siku mbili lilikuwa ni bahari. Alitaka atolewe akaione. Tulipomuweka kwenye kiti cha plastiki chini ya mnazi akaona maji yametoka na wenziwe wameinama kwenye kamba zao, akanyamaza, akatulia kabisa.

Bi Ellen alifariki tarehe 9 Februari 1815, mwezi mmoja na siku chache kabla ya kutimiza miaka thelathini. Alizikwa kwenye makaburi ya zamani ya Garryvurcha pale mjini Bantry, na kaburi halikuwekewa alama yoyote. Mkusanyiko wake aliusia uende kwa Turner, na kupitia kwake na kwa Hooker vielelezo vikasambaa kwenye hifadhi kubwa za London, vipo mpaka leo, mwani ule ule alioupanga kwa sindano bado umeshika karatasi. Miaka mia mbili kamili ilipotimia, 2015, watu wa Bantry na uzao wa familia yake wakaweka kibao pale makaburini, na kuanzia hapo kila mwaka kunafanyika tamasha kwa jina lake, wanatembea ufukweni maji yakitoka, wanafundishana kukausha mwani na kuchora mimea. Nafurahi sana kwa hilo. Nilitamani tu lingekuja mapema.

Kuna jambo moja nimelijua karibuni na ndilo lililonifanya niandike leo. Mwaka 1817, miaka miwili baada ya kifo chake, msomi wa Sweden aitwaye Agardh alichukua kundi zima la mwani mwekundu wa nyuzinyuzi akalipa jina la Hutchinsia kwa heshima yake. Jina halikudumu, kwa sababu kile kiua cheupe kilikuwa kimeshalichukua, na kanuni za majina haziruhusu mimea miwili kushirikiana jina, kwa hiyo kundi lile leo linaitwa Polysiphonia. Na Polysiphonia, nyie wanawake wa mwani mnaijua ingawa hamjui jina lake. Ni ule uchafu kama nywele unaojishika kwenye mwani wetu hasa joto likizidi, unauvamia mpaka unadhoofika, na watafiti wanautaja huo na ndugu zake miongoni mwa wasumbufu wa mashamba ya mwani, Tanzania tumo. Mama yangu amekaa ndani ya maji, kanga imelowa mpaka kiunoni, miaka na miaka, akichambua nyuzi hizo moja moja kwa vidole. Hakuna aliyemuambia kwamba zimewahi kubeba jina la binti aliyekuwa anamlea mama yake.

Juzi nikamuonesha. Nilimkalisha barazani nikampelekea simu karibu na jicho lake linaloona vizuri, ule mchoro niliouona usiku wa kwanza, nikamwambia mama, hii kaichora mwanamke mmoja wa Ayalandi, zamani sana, kabla ya bibi wa bibi yako. Akautazama muda mrefu. Kisha mdomo ukahangaika, nikasubiri, siku hizi nimejifunza kusubiri.

"Huu... ukiuona... uvute kwa chini. Ukiuvuta juu unakatika, unabaki."

Akanyanyua mkono wake mzima akapeleka vidole viwili kwenye kioo cha simu, akaubana ule uzi mwekundu pale chini unapoanzia, kama anavyoufanya baharini, na picha ikajikunja ikawa ndogo. Akanitazama. Nikaikuza tena, nikamuwekea, akaubana mara ya pili.